Umba Ametoka kwenye Darasa la Bashi

Mama Umba wangu,

Nakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, usicheke maandishi. Unajua shule niliiacha mwaka wa tano primere, lakini ziwa limenipa diplome yake: nimekunywa chai Kigoma, nimegombana na polisi wa Mpulungu kwa Kibemba nisichokijua, na nikashinda. Wewe ulikuwa unanisikiliza mpaka mwisho, kisha unasema, "Papa, kinywa hicho kingekuwa mota, tungefika Kigoma chai haijapoa."

Tangu tukuzike kinywa kimetulia. Siyo huzuni, ama labda hii njo huzuni yenyewe, sijui. Nakula, sisikii chumvi. Watu wakinisalimia sokoni najibu vizuri, nacheka pale pa kuchekea, ndani hakuna kitu.

Nilitaka kukuambia habari za Umba.

Unakumbuka kule kambini Katanika, nilipoleta ndagala, dagaa za ziwa letu, kuwauzia ninyi muliokimbia vita ya Nyunzu? Ulitoka kwenye hema, mutoto nyuma yako. Nikasalimia kwa kelele, kawaida yangu. Umba akapiga magoti, akapiga makofi polepole, macho chini, namna munavyosalimia wakubwa kwenu. Nikageuka nyuma nione ni mukubwa gani amefika. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nikataka kuwapa ndagala bure, ukakataa. "Tupimie vizuri tu, inatosha." Nikajua nimeisha kukuoa.

Na pale hospitali, siku zako za mwisho, ulisema, "Umba asome mule wengine wanasomea." Nikakujibu, "Jambo dogo hilo, Mama. Kalemie nzima inanijua."

Basi nilimupeleka, yunifomu mupya, bluu na nyeupe, bado inanukia duka. Direktere wa shule hakuuliza kitu. Umba alimupigia magoti na makofi, vile ulivyomufundisha. Direktere akatabasamu, kwa upole kabisa.

"Aa, huyu njo wa kambi."

Akatupeleka nyuma ya majengo, kule wamefunga bashi la plastiki juu ya miti. Watoto wa kambi wanasomea pale, muchana, wenzao wakiisha kurudi nyumbani. Hawaimbi pamoja nao mbele ya bendera, hawachezi pamoja nao.

"Direktere, huyu ni wangu. Analala kwangu, hapa mujini."

"Papa, siyo ubaya. Wenyewe kwa wenyewe wanajisikia vizuri."

Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Nikawa mutu wa kushinda kwenye biro yake, kila siku niko ofisini. Nilimumalizia utani wote nilionao, nikasifu kravati yake ya shingoni, nikamuletea samaki, migebuka minono. Mwishowe akachoka. "Sawa, Papa, aje asubuhi. Ila mufundishe kusalimia kama watu wa hapa, wasimucheke."

Wengine wamebaki kule kule, Mama Umba. Mvua ikipiga juu ya bashi, mwalimu wao ananyamaza mpaka iishe. Nimewasemea na wao. Direktere akaniuliza, "Na wale pia wanalala kwako?" Nikacheka, maana alisema vizuri. Nilipofika nje nikaona ndani sijacheka.

Jumatatu Umba aliingia darasa la matofali. Aliporudi aliweka mufuko chini, akanipa mukono, mumoja, kama karani.

"Wamekupokea je?"

"Vizuri."

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza mama yangu ni wa wapi."

"Ukasema?"

Alikuwa anafunua sufuria, aone kuna nini.

"Nikasema wa hapa."

Nikamupakulia ugali. Alikula, akaomba mwingine. Jioni alinisomea ukurasa muzima wa Kifaransa bila kukwama. Mimi kile Kifaransa sikukielewa, lakini nilitikisa kichwa kwenye kila nukta.

Nimeona ni haki yako kujua. Kule uliko, wakikuuliza, sema Nyunzu bila woga. Huku shuleni wewe ni muzaliwa wa Kalemie, na mutoto amepata nafasi kwenye benchi, karibu na dirisha.

Ulale vizuri, Mama. Huku niko naye.

Mimi,
Papa wa Umba wako