Maneno Uliyomwekea Mjukuu Wako

Mama yangu uliyebaki Newala,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Leo nimekumbuka ulivyojifunza simu. Herufi ulisema hazikuhusu, ukataka kila mtu akae na picha yake: mjomba kwa picha ya mkorosho wake, mimi kwa ile niliyonuna siku ya harusi yangu. Ulipofika kwenye ujumbe wa sauti hukushikika tena. Wanawake wa kijijini walikuja barazani na simu zao, ukawafundisha kwa Chimakonde pa kubonyeza na wakati wa kuachia, mkali kama kungwi. Ila kila ujumbe wako ulikuwa na kimya katikati. Ulinisalimia, ukanyamaza nijibu, ndipo ukaendelea na habari za shamba. Mimi huku Masasi, mtaani Mkomaindo, nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaitikia kweli.

Mara ya mwisho nilikukuta unaokota korosho, nami tumbo limeshakuwa kubwa. Ukaitoa simu kwenye pindo la kanga.

"Nimemwekea mtoto maneno yake humu."

Nilijua ni yapi. Katika ukoo wetu, bibi mzaa mama humsalimia mjukuu mara ya kwanza wakiwa wawili tu, mlango umefungwa, na kila bibi ana maneno yake. Uliogopa presha isije ikakuwahi.

"Nitumie basi, mama, niyatunze."

"Mtoto hasalimiwi kabla hajafika, Zuhura. Akija nami nipo, nitamwambia kwa mdomo. Kama sipo, mfungulieni asikie."

Sikubishana nawe. Nilikuona mzima, unainama na kuinuka kwa wepesi kuliko mimi, nikajua utampakata mwenyewe.

Presha ikakuwahi, mama. Mtoto akazaliwa arobaini yako ikikaribia, kwa hiyo sikuweza kupanda Newala. Kaka yako ndiye aliyegawa vitu. Kisha akashuka mwenyewe hadi kwangu, simu kaifunga ndani ya kanga yako, akasema ni ya mtoto kwa kuwa amebeba jina lako.

"Nguo zote tulifua kabla ya kugawa," akaniambia. "Na simu nikampa fundi aondoe kila kitu. Mtoto hapewi kitu chenye jasho la marehemu."

"Hata sauti, mjomba?"

"Hata sauti. Iko safi kabisa."

Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Amekufanyia kama kaka anavyopaswa, na msibani hakuna aliyekulilia kama yeye. Kwake simu ni kitu cha marehemu kama gauni lako, kinasafishwa ndipo kinapewa mrithi. Nikamwambia asante, nikamwandalia chakula. Alipoondoka nililia mpaka mtoto akaamka. Fundi mmoja wa hapa Masasi, niliyemwomba ayarudishe maneno yako, aliigeuzageuza ile simu, akanirudishia bila kunitazama usoni.

Sina hasira na mjomba. Nina huzuni tu, na haipungui. Mwanangu ana macho yako, ana hasira zako anapodai kunyonya, lakini maneno uliyomwekea hatayasikia.

Jana nikaamua nimrekodie mimi. Nikaiwasha simu, ikauliza natumia lugha gani. Nikashuka na kidole mpaka chini kabisa. Chimakonde hakimo. Nikachagua Kiswahili. Nikafunga mlango, nikampakata wajina wako, nikabonyeza kama ulivyowafundisha wenzako, nikafungua mdomo. Bibi, mama yako, alinisalimia na mimi hivyo hivyo, mlango umefungwa, nami sikumbuki hata neno moja.

Nilikaa kimya mpaka nikachoka, nikaachia. Nimeihifadhi hivyo hivyo. Inasikika pumzi yangu, na yeye akinyonya.

Pumzika, mama.

Ni mimi binti yako, mama wa wajina wako