Sista Mhispania Darasani

Dongobesh, Alhamisi

Na kwa nini mkuu wa shule hakunionya? Wiki iliyopita niliwafundisha kidato cha pili kwamba Wahispania walikuwa wakatili kuliko wakoloni wote. Leo ameniletea darasani sista mpya wa zahanati. Mhispania!

“Shikamoo, sista,” akasema mwanafunzi wangu Paskalina. “Mwalimu alisema ninyi ni wakatili. Ni kweli?”

Nikajifanya natafuta chaki.

Sista akanigeukia. “Hayo yaliandikwa na nani?”

“Waingereza,” nikajibu. “Wapinzani wenu.”

“Mengi ni kweli, tuliyatenda,” akasema. “Ila wao waliyasema yetu ili ya kwao yasisemwe.”

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kwa shida.

Akitoka, akaliona shavu langu lilivyovimba. “Mwalimu, njoo kesho nikung'oe hilo jino.”

Nimekubali. Naomba tu dawa ya ganzi isiwe imeisha zahanati.