Spiriti, Si Pombe!

Jumanne, 4 Machi

Wamenikamata! Mimi! Miaka yote hii nabeba makabati ya watu bila kukwaruza hata mguu wa stuli, leo nashushwa garini kama mwizi wa kuku.

Niandike yalivyokuwa, hasira isije ikanisahaulisha. Bomba la pipa la spiriti pale karakana lilivunjika zamani, na Tajiri hataki kununua jingine. Kwa hiyo spiriti ya kupigia polishi tunaitoa kwa mpira — ncha moja ndani ya pipa, nyingine unainyonya kwa mdomo, ikianza kuja unaigeuzia kwenye kidumu. Hiyo ni kazi ya Fundi Polishi. Leo alikuwa juu ya ngazi, mikono yote ina rangi, akaniomba nimsaidie. Mimi dereva, najua nini? Nikavuta kama navuta soda. Mdomo ukajaa! Nikatema, nikakohoa, machozi yakanitoka, mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikapanda pikapu na kabati la mteja, lile la milango mitatu.

Kona ya kwanza tu, askari. Puliza hapa. Napuliza, kidude kinalia. Eti macho yangu mekundu. Yawe ya rangi gani baada ya spiriti? Namweleza, ananijibu kwamba kila mlevi ana hadithi yake. Hadithi! Kituoni wakanikalisha weee, ndipo wakanipima tena. Kikalia tena. Kibovu ni kibovu.

Kabati limelala nje kituoni, mvua imelinyeshea lote.

(Zile chupa mbili za mchana sizihesabu. Zile ni za kusukumia chakula.)

Jumatano, 5 Machi

Leseni imefutwa. Hivi hivi! Dada wa dirishani pale ofisi za bodi ya leseni kanipa habari huku anakata kucha. Nikamwuliza, hata kusikilizwa hakuna? Akasema kata rufaa, bodi itakuita. Nikamwuliza, na mpaka hapo nile nini? Akaita anayefuata.

Nimekata rufaa. Nimeandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Tajiri kampa mkwe wake funguo za pikapu. Mkwe! Mtu anayebadilisha gia kama anavunja kuni. Asubuhi nimemsikia akirudi nyuma getini, nikafumba macho. Mimi nimepewa msasa. Nakaa sakafuni na viti vya watu, vumbi hadi kwenye kope.

Tajiri kaniambia wazi, na sauti yake ya upole ile inayoudhi: nikishinda kwenye bodi, funguo ni zangu siku hiyo hiyo. Nikishindwa, wapiga msasa anao wa kutosha.

Mchana mtu kaita, "Dereva!" Nikageuka, kama kawaida yangu. Kumbe anaitwa mkwe.

Nimekaa nyuma ya mbao nikajifanya natafuta msasa mwingine. Iliniuma. Hapa hakuna anayejua jina langu lingine.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegombana na mke wangu. Nilikuwa naeleza tu — mpira, pipa, spiriti — yeye anakunja nguo. Nimeeleza vizuri mno, hata kikohozi nimekiigiza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, taratibu kabisa:

"Na zile siku nyingine, baba, ulikuwa unanyonya mpira pia?"

Siku zipi? Namwuliza siku zipi! Anakunja soksi. Mtu anapigana na serikali nzima, nyumbani anasubiriwa na serikali nyingine! Nimetoka nikaenda kwa shemeji, kaka yake. Yule ndiye mtu. Kanielewa kabla sijamaliza, kafungua chupa, tukawasema askari wote mmoja mmoja. Nimerudi moyo mweupe.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nimelala sebuleni, kochi fupi.

Jumanne, 18 Machi

Fundi Polishi atakuwa shahidi wangu. Nimemfuata pale kwenye kona yake yenye harufu, anasugua meza kwa kitambaa, duara kwa duara. Hakukataa. Akasema:

"Nitasema ulinyonya mpira. Hilo nililiona kwa macho yangu, tena kosa ni langu, nilikutuma kazi isiyo yako. Hayo mengine sikuyaona."

"Mengine yapi?"

"Si nimekwambia sikuyaona?"

Watu siku hizi wanaongea kwa mafumbo! Lakini atakuja, ndilo muhimu. Mtu mwaminifu. Kila aliye hapa anajua hasemi uongo hata wa kumfurahisha mteja, anamwambia mtu usoni kwamba meza yake ni mbao za maboksi. Bodi wakimtazama tu watamwamini.

Jumatano, 26 Machi

Bodi wameniita kesho, na nimepata dawa yao!

Imenijia nikiwa napiga msasa, nikasimama peke yangu kama kichaa. Maneno watayapinga. Kidude chao hawawezi kukipinga! Nitawaambia: leteni kidude hapa hapa. Fundi Polishi atakuja na kidumu na mpira. Nitanyonya mbele yenu, nitatema, nitapuliza. Kikilia — na kitalia, wallahi — mtaniomba radhi, leseni yangu mezani.

Nimemwambia mke wangu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile amecheka, kacheko kadogo. Akasema, hiyo ni akili. Amenipigia pasi shati jeupe na kesho anakuja na mimi. Amesema, "Ukirudishiwa, tuanze upya, sawa?" Nikasema sawa. Sikuuliza kuanza upya nini. Usiku huu nalala chumbani.

Alhamisi, 27 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido, ofisi za bodi.

Nianze asubuhi. Shemeji alikuja kutuchukua na gari lake. Mke wangu alikuwa bado anavaa. Shemeji akaona meno yangu yanagongana, akasema huwezi kuongea mbele ya wakubwa hivyo, utakuwa na kigugumizi, pata kidogo cha kutuliza moyo. Kifuniko kimoja. Haya, si kifuniko, kikombe. Shemeji mkono wake mzito. Nikatafuna pipi ya mnanaa, nikakaa kiti cha mbele, dirisha wazi.

Na kweli moyo ulitulia! Ndani niliongea kama wakili. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani, wenzake wawili, na yule askari kakaa kando na kofia magotini. Niliwaeleza pipa, bomba, mpira. Fundi Polishi akasema lake, maneno machache, mama akaandika yote. Nikamwona ananiamini. Namjua mtu anayeamini! Ndipo nikasimama, nikanyoosha kidole: leteni kidude hapa hapa, nipimwe!

Mama akawanong'oneza wenzake. Akavua miwani, akatabasamu, mama wa watu hana baya lolote. Akasema ombi langu ni la haki kabisa na wanalikubali. Halafu akasema, ila kwanza nipulize hivi nilivyo, mkavu, kabla ya spiriti. Waone sifuri. Ndipo ninyonye mpira, waone tofauti.

Mkavu.

Sasa hiyo ni haki gani? Nani kawaambia habari za mkavu? Mimi nimeomba kitu kimoja, wao wanaongeza la kwao! Wametutoa nje, askari kaenda kukileta garini.

Nimekunywa maji ya bombani mpaka tumbo linacheza. Nimetafuna pipi zote. Mke wangu alikuja kukaa karibu yangu, akanishika mkono, akaninyoosha kola. Akasita hapo shingoni. Akanusa, mara moja tu. Amehamia benchi la mbele, mkoba magotini, anatazama ukuta.

Nimemfuata Fundi Polishi, nikamwambia kwa sauti ya chini: nipe kidumu, ninyonye sasa hivi, kabla hawajaniita. Tutasema nilikuwa najaribu mpira kama unavuta. Neno dogo tu hilo. Wewe thibitisha tu.

Amekumbatia kidumu kwa mikono miwili. Hanitazami mimi, anamtazama mke wangu. Na yeye ameacha kutazama ukuta.

Viatu vya askari navisikia ngazini. Dada wa dirishani katoa kichwa mlangoni, anaita, "Dereva yuko wapi?"

Nipe, Fundi. Nipe basi —