Mawingu Nyuma ya Jina la Papa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Yannick amefika. Binamu yangu, mtoto wa Tante Claire wa Kinshasa, miaka ishirini na sita, mabegi matatu — moja la nguo, mawili ya mashine za picha. Anasema hakuja kututembelea tu, anatafuta maana katika mambo madogo ya kila siku. Nikamuuliza hiyo maana ilipotelea wapi hadi aje kuitafuta huku kwetu Kabondo, Kisangani. Akacheka, akaandika swali langu kwenye simu. Ameshaitafuta Matadi, Mbandaka na Lubumbashi. Kote huko alikunywa kahawa.

Nikamwonyesha studio yangu. Picha za pasipoti, za ubatizo, na hasa za matanga. Familia inaleta karte ya uchaguzi ya marehemu, ile kadi ya kupigia kura, maana mara nyingi ndiyo picha pekee aliyoacha. Ninakata kichwa, ninakivalisha koti na tai, ninaweka mawingu ya bluu nyuma, jina na miaka chini. Fremu nyeusi. Kabla waombolezaji hawajaketi, muuza mihogo amekuwa mkurugenzi. Yannick, anayeniita Ya kama dada yake mkubwa, akatikisa kichwa: “Ya Florentine, hiyo iko uongo.” Bon. Akamwambie mjane.

Papa, baba yangu, amefurahi kumwona. Papa hafurahii kitu siku hizi, lakini Yannick kafurahiwa.

Jumatano, 11 Juni

Amenipeleka kwa Falonne, mjini. Nilisoma naye, huyo Falonne. Sasa ana café, Le Moment, yenye viti vya mbao ambavyo havikupigwa randa makusudi. Kahawa inalimwa ng'ambo ya mto, inapanda boti mpaka Kinshasa, inarudi kwenye mfuko unaong'aa, na Falonne anasema ina ladha ya udongo wa kwetu. Ingekuwa na ya wapi?

Juu ya maziwa wamechora jani. Nikalikoroga. Kumbe Yannick alikuwa hajalipiga picha — alinitazama kana kwamba nimekanyaga mtoto.

Saa mbili nzima. Akapiga kikombe, kijiko, mvuke, kivuli cha kijiko. Toleka akapita na baiskeli yake, amebeba abiria na kuku watatu. Yannick akatoka mbio, akamwomba arudi nyuma apite tena. Akapita tena. Hata abiria alikubali! Kisangani tumekwisha.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimeumia, niandike hivyo hivyo.

Yannick kanionyesha picha ya Papa. Ameipiga pale kwenye benchi la Mama Karima, jirani yetu anayeuza kahawa ya tangawizi barabarani, ambako Papa hukaa kila asubuhi. Ana mkate wa mafuta mkononi. Anacheka mpaka macho yamepotea. Nikatafuta kosa. Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii, kosa nalijua. Mwanga uko nyuma yake. Kola imekunjikia ndani upande mmoja. Vidole vinang'aa mafuta. Nikavihesabu vyote hivyo na bado alikuwa Papa.

Mimi sina picha ya Papa. Hata moja ya miaka hii. Tangu Mama afe, miaka sita, nikishika mashine yeye anasimama, anaondoka. Na najua kwa nini. Picha ya matanga ya Mama niliitengeneza mimi. Karte yake ilikuwa imefifia. Nikatoa kichwa, nikakiweka kwenye mwili wa mteja mmoja mwenye mkufu na liputa, kitenge cha sikukuu. Mawingu nyuma. Watu wakasifu sana. Papa akasimama mbele yake, halafu akauliza: “Huyu mama mulimutoa wapi? Huyu haiko Colette.”

Hakurudia tena. Ile picha ameiweka chini ya kitanda chake, uso ukitazama sakafu.

Sasa huyu wa Kinshasa — siku tano, vikombe viwili vya kahawa — Papa anamchekea.

Jumanne, 17 Juni

Falonne amekubali picha za Yannick zitundikwe kwake Ijumaa. Kumi na mbili. Nani wa kuzichapa? Florentine mwongo. Nikamwambia fremu nilizo nazo ni nyeusi tu. Akasema nyeusi ina kina. Sawa, ina kina.

Kila picha na kibandiko cha jina lake. Kijiko kinaitwa “Kimya”. Yule toleka, ambaye alipita mara mbili kwa kuombwa, anaitwa “Kurudi”. Kibandiko cha Papa peke yake kitakuwa na jina la mtu na mwaka aliozaliwa. Yannick anasema mtu si kijiko. Neno lake la kwanza la akili tangu ashuke.

Nikavifanya vyote mbiombio kabla umeme haujakatika, yeye pembeni akinieleza kwamba kahawa inamfundisha mtu kungoja. Nikabandika, nikafunga kwenye makaratasi, nikampa. Akanishukuru kwa Kifaransa kirefu.

Ijumaa, 20 Juni

Ufunguzi. Nikasema kichwa kinauma. Papa naye hakwenda, anasema sura yake anaijua.

Yannick karudi amejaa sifa. Watu wengi. Mbele ya picha ya Papa walisimama kimya kabisa, mama mmoja akafuta machozi, mwingine akapiga ishara ya msalaba. Anasema hiyo ndiyo nguvu ya jambo dogo. Nikamwachia jambo lake dogo, nikaingia ndani.

Jumamosi, 21 Juni

Papa amekufa leo asubuhi. Ndivyo wanavyosema watu wote wa Kabondo isipokuwa Papa.

Alikunywa kahawa yake mapema, akaenda kwa wavuvi wa maporomokoni kutafuta samaki. Saa moja na nusu anaingia Papa Timothée, kiongozi wa kwaya ya parokia, na viti arobaini na bâche ya bluu, turubai la matanga. Nyuma yake wanawake wanaimba. Sijafunga hata liputa vizuri, bâche imeshasimama uani. Nikauliza kuna nini. Papa Timothée akanishika kichwa, akasema nikaze roho. Nikamwambia Papa amekwenda kununua samaki. Akawageukia wanawake: “Mutoto amechanganyikiwa. Mumukalishe.”

Halafu akanionyesha simu. Mtu amepiga picha ya picha, pale Le Moment, akaitupa kwenye kundi la kwaya. Chini yake wameandika pumzika kwa amani, pumzika kwa amani, mpaka kidole kinachoka kushuka.

Mama Karima alifika na mkeka kwapani, analia na anabisha kwa pamoja.

“Lakini asubuhi nimemupatia kahawa, vikombe mbili!”

“Mama,” akasema Papa Timothée, “mutu anaweza kufa kisha ya kikombe ya pili.”

Hapo akalia zaidi, nadhani sasa kwa ajili ya kahawa yake.

Saa tatu Papa akarudi. Nyuma ya toleka, beseni la samaki juu ya mapaja. Wimbo ukakatika kipande kipande, wa mwisho kunyamaza walikuwa wale wa sauti nzito ambao huwa hawaangalii mbele. Akashuka. Akatazama bâche, viti, mimi nimekalishwa chini katikati ya wanawake.

“Nani alikufa?”

Aliyejibu ni Mama Karima, kwa sauti ndogo:

“Ni weye, Papa Nephtali.”

Papa akatua beseni chini. “Basi munipe kiti.”

Akapewa kiti. Akaketi kwenye matanga yake, beseni miguuni. Pondu, kisamvu chetu, ilikuwa imeshaiva, na kwetu pondu iliyoiva haiulizi nani amefufuka. Walikula. Wale waliolia zaidi ndio waliorudia sahani.

Waliposhiba wakamgeukia Yannick. Papa Timothée akasema mtu hawekwi kwenye fremu nyeusi, na jina, na mwaka, kama bado anapumua. Hilo hata watoto wa shule wanajua. Mwingine akataja uchawi. Yannick amesimama karibu na mtungi, anasema pardon, pardon, kwa kila anayepita. Na mimi nikasimama mbele ya watu wote: “Kwenu Kinshasa hamufundishwi kitu?” Ilikuwa tamu. Niandike ukweli: tamu sana.

Saa kumi, viti vimeondoka. Nikaomba ile picha ya kundi, nikaivuta iwe kubwa, nione hasa huo ujinga wa Yannick.

Kibandiko. Mawingu ya bluu. Msalaba mdogo. Papa NEPHTALI, 1947, kistari, halafu nafasi tupu.

Modèle yangu, kiolezo cha kwenye kompyuta. Ya matanga. Nikiandika jina la mtu na mwaka wake, mkono haujui kufungua karatasi nyingine. Yannick angejuaje? Mawingu yangu alishayaona studioni, akadhani ni mapambo tu. Fremu peke yake watu wangeibishania. Ule msalaba hakuna wa kuubishia. Nimemuua Papa mwenyewe, kwa mashine yangu, na baada ya kistari nikamwachia nafasi ya mwaka.

Sikumwambia mtu.

Jumapili, 22 Juni

Padri amemsalimu Papa kutoka altare, kanisa likapiga makofi. Papa hakuinuka. Baada ya misa akasema anataka kuiona.

Tukaenda watatu, Yannick nyuma kama mtu anayefuata polisi. Hakubeba mashine. Falonne alikuwa hajaishusha picha. Anasema tangu jana wateja hawaishi. Nilijua ana biashara, sikujua ana ngozi nene hivyo.

Papa akasimama, mikono nyuma. Sura yake akaitazama kidogo tu. Kibandiko akakitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Halafu akaketi, akaomba kahawa. Ikaja na jani lake. Akaikoroga, akaimaliza yote, akasema Mama Karima alale usingizi wake, hapa hana mpinzani.

Njiani Yannick akasema amepata boti ya Jumanne. Akasema yeye ndiye ameharibu, hakuuliza desturi za watu, anaona aibu kwa Papa na kwangu. Kwangu! Nikamwacha aseme. Hatua mia mbili nzima namwacha aseme.

Nyumbani Papa alikuwa anavua viatu. Nikasimama mlangoni.

“Papa, haikuwa Yannick. Ni miye.”

Akavua na kiatu cha pili. “Ninajua. Mawingu ile ninaijua. Miaka sita ninalala juu yake.”

Nilitaka kumwambia kuhusu Mama. Kwamba ile liputa niliichagua kwa sababu Mama hakuwahi kuwa nayo. Kwamba nilidhani namheshimu. Badala yake nikalia kama wale wa jana, ila bila pondu. Aliningoja. Akauliza kama Yannick anajua. Nikatikisa kichwa.

“Umuambie yeye kwanza. Kisha ulete mashine yako. Miye niko tayari, lakini koti hapana. Na mawingu hapana.”

Miaka sita nimengoja neno hilo, na limekuja limefungwa kwa huyu kijana wa vijiko.

Kutoka hapa uani mpaka mlango wa chumba cha nyuma, anakolala Yannick, ni hatua sita. Nimeketi na mashine mapajani, naandika. Ukurasa wa tatu huu. Nimwambie nini? Kwamba yule mwongo wa mawingu alimsimanga mbele ya Kabondo nzima kwa kosa la mkono wake mwenyewe? Ataandika kwenye simu. Ataiita kitu. “Msamaha”, na kikombe pembeni.

Au hataandika. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, asiandike, anikumbatie tu.

Papa ameshatoa kiti nje, chini ya ukuta. Shati la jana, kola imekunjikia ndani upande uleule. Mkono wangu unataka kwenda kuinyoosha. Hanitazami mimi, anatazama ule mlango. Jua litaondoka pale ukutani baada ya dakika kumi, kumi na tano nikibahatika.

Kule ndani nasikia Yannick amefunga zipu ya begi la pili. Ana matatu.