Kamera Yako Imefungwa Zizini

Ha Ramosoeu,
Quthing, Lesotho.
24 Mei

Mpendwa Mjomba Lebusa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Bado unakohoa asubuhi? Na hapo Rustenburg umeshapata kazi nyingine tangu mgodi uwapunguze, au bado? Bibi hajambo, ila magoti yanamsumbua, baridi imeshafika. Mipichi imepukutika yote, na mishubiri ya ukuta wa zizi letu imewaka maua mekundu. Mimi mwili mzima, lakini roho inachemka, Mjomba. Inachemka!

Kamera yako imekamatwa.

Usishtuke, haikuibwa. Imefungwa kwenye zizi la chifu, wanapowekwa mifugo walioingia pasiporuhusiwa. Nasema kweli, inaning'inia kwenye kigingi juu ya punda wa akina Nkuebe!

Ilikuwa hivi. Si uliniomba picha za lile bonde la nyasi za kuezekea, na ndege wake, kama ulivyoliona ukiwa mchungaji? Nyasi zimeiva, rangi ya asali, na wiki ijayo chifu anazifungua wanawake waingie na mundu. Zikishakatwa, ndege nao wametawanyika. Sasa ningengoja nini? Jumamosi asubuhi, sakitu ya baridi bado nyeupe juu ya nyasi, nikajipenyeza.

Nimelala kifudifudi, nimeshampata ndege mmoja tu, mara nyuma yangu: "We binti! Unachunga nini humo, mbuzi asiyeonekana?" Ni Mzee Mohlouoa, mlinzi wa nyasi, na fimbo yake.

"Napiga picha, mzee."

"Nyasi hazijafunguliwa."

"Kwani nimekata hata unyasi mmoja?"

"Na ng'ombe je, huwa anabeba mundu? Kilichoingia kimekamatwa!"

Akaichukua kamera, akachungulia picha, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ndiye huyu uliyemfuata? Mbona hana mkia? Ungemngoja wakati wa mvua, akiwa mweusi tii, mkia unapepea nyuma kama blanketi la chifu!"

Kicheko kile kiliniuma kuliko kukamatwa. Nikapanda mbio hadi kwa Chifu Sekhonyana, nikamkuta anaota jua.

"Mnyama akikamatwa," akasema, "anayemkomboa ni mwenyewe. Huyu wa nani?"

Nami kwa pupa yangu: "Wa Mjomba Lebusa." Laiti ningesema wangu!

"Basi aje Lebusa."

"Chifu, yuko Rustenburg!"

"Najua aliko. Bondeni mle tulichunga pamoja, na miaka yote hii anatuma salamu tu. Leo anataka nyasi za kwenye karatasi? Aje azione."

Uonevu gani huu, Mjomba? Nikamwambia ukija utakuta zimekatwa. Akajibu kwamba kipande cha kando ya chemchemi hakitaguswa na mundu mpaka ufike. Sasa wanawake wamenuna, maana nyasi za pale ndizo ndefu kuliko zote, na wananinunia mimi! Bibi naye, badala ya kunitetea, ametoa blanketi lako sandukuni, kalianika juani.

Najua unavyosema, kwamba huwezi kurudi mikono mitupu. Hilo silielewi, na leo nimekasirika, kwa hiyo nasema. Ndege niliyempiga picha ni yuleyule dume wa mkia mrefu uliyekuwa ukinisimulia. Mkia umedondoka wote, weusi umemtoka, kabaki wa kahawia kama shomoro. Na bado yuko kwake, kwenye nyasi zake, anadonoa mbegu, wala hajifichi. Mzee Mohlouoa aliona tu mkia usiokuwepo, lakini wewe utaelewa.

Picha yake imo humo zizini. Njoo uitoe.

Msalimie Tankiso, kama bado mnakaa chumba kimoja. Bibi, Mama na mama mdogo Mathabiso wanakusalimu sana. Punda sijamuuliza. Amani ikutangulie njiani, na mvua ikukute umeshafika.

Wako akupendaye hata akiwa amefura,
mpwa wako,
Puseletso