Mama Amerudi Levo ya Kumi na Nne

Mbulu,
Jumapili, 15 Juni 2008

Kaka Akonaay,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, na ninaandika huku nimefunika karatasi kwa daftari la Jiografia. Lakini kwanza nikujulie hali. Chuo kinaendeleaje huko Dodoma, na kifua chako je? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu imeshika kweli. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Baba anakusalimia.

Ile mashine ya gemu uliyoniachia bado inawaka. Nami nasema wazi, kaka, lile gemu la Kijapani linanitia kinyaa. Unatembea hatua tatu, chura anatokea, mnapigana. Hatua tatu tena, chura yuleyule. Halafu huyo shujaa anayesifiwa na dunia nzima anaingia nyumba za wazee bila hodi, anavunja mitungi yao, anachukua vilivyomo, na mwenye nyumba amesimama palepale akisifia hali ya hewa! Angejaribu kwa bibi kule Gehandu, angetoka mbio na alama ya fimbo mgongoni. Na yule bosi wa pangoni anahutubia dakika kumi, huwezi kumkatisha, kisha anakuua, na ukirudi anaanza hotuba upya. Mwalimu Nicodemo ananisifia Kiingereza changu. Hajui nimeisoma hotuba hiyo ya Kiingereza mara kumi na tisa.

Ila anayenichukiza kuliko wote ni mzee wa kile kijiji cha kwanza. Anauliza kama utamsaidia, ndiyo au hapana. Nikajibu hapana. Akasema hajanisikia vizuri, akauliza tena. Mara kumi na moja, kaka! Sasa aliniuliza ya nini? Mimi nyumbani sijawahi kumkatalia mkubwa. Nilifurahi kupata mahali pa kusema hapana, kumbe hata huko hakuna. Basi nikazoea. Likija swali nabonyeza ndiyo, ndiyo, bila kusoma.

Unamkumbuka yule mponyaji wa kwenye gemu uliyempa jina la mama, Agatha. Tangu tumzike mama, baba akitoka zizini jioni husema gemu ni upuuzi, kisha anavuta kigoda, anakaa karibu nami na kuuliza mama yenu amefika wapi. Namwonyesha mponyaji na lile joho lake la bluu. Kiingereza hajui, lakini herufi za jina lile anazijua. Anatazama kidogo, halafu anakunywa chai yake.

Kaka, nilimfuta.

Mwezi uliopita nilianza upya ili nione mwanzo wa hadithi. Lile jiwe la kusevu, la kuhifadhi ulipofika, liko mbali, nilifika baada ya saa nzima ya vyura, nimechoka. Likauliza, nikabonyeza ndiyo. Likauliza tena, ndiyo. Swali la pili lilikuwa kama nina hakika nifute safari ya zamani, maana gemu zima lina nafasi moja tu. Moja! Mara hiyo peke yake hapana yangu ingekubaliwa.

Mponyaji alipotokea tena nikampa jina lilelile. Chura mmoja, mapigo mawili, mama chini. Nimeua vyura tangu Mei, nguvu zake sasa ziko levo ya kumi na nne, wewe ulimwacha ya tisini. Na amevaa kitambaa cheupe cha wanaoanza. Jana baba aliuliza joho la bluu liko wapi. Nikamwambia limefuliwa. Alinitazama, akasema kwa baridi hii halitakauka mapema.

Nasikia viatu vyake vya mpira vinatoka zizini. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwenye daftari, nimeurudisha. Akiuliza mama yenu amefika wapi, nitamwambia nilimfuta kwa kidole changu hiki, kisha nimpe karatasi hii aisome kabla yako. Kiswahili anakijua.

Wasalimie unaokaa nao. Jifunike vizuri usiku, na usiniandikie kwamba si kitu.

Baba anajifuta matope mlangoni. Karatasi iko wazi.

Mdogo wako,
Hilda