Pete za Kauri kwenye Mwanzi Wako

Eliasi, ndugu yangu,

Mwakeye, salamu yetu ya Kiha. Najua ungeniuliza kwanza kama mikono yangu bado inatetemeka nikishika kitu kidogo, halafu ungecheka kabla sijajibu. Inatetemeka. Na miwani niliyonunua sokoni hapa Kasulu inanionyesha skrubu mbili penye moja, sasa wateja wanaoniletea pasi mbovu wanakaa kunisubiri wakiwa na wasiwasi.

Nakuandikia kuhusu mwanzi wako wa kuvulia. Nimezikata zile pete zako zote za kupitishia mshipi. Usikasirike, nisikilize kwanza.

Siku mamba alipokuchukua pale Malagarasi, mwanzi ulirudi nyumbani bila wewe. Waliokuwa ng'ambo walisema mshipi ulikatika, kambare akaondoka na boya, nawe ukalifuata mpaka maji yakakufika kifuani. Boya, Eliasi. Kipande cha kandambili. Tulizika kilichopatikana. Sitakieleza hapa.

Baada ya maziko kaka yako Zabroni aliusimamisha mwanzi nyuma ya mlango, akasema kitu cha mkono wa marehemu hakibadilishwi mpaka ukoo ukae kuondoa msiba. Ndiyo desturi, sikubisha. Ila ukoo wenu unavyokusanyika unaujua mwenyewe. Wa Nyabibuye anamsubiri wa Buhigwe, wa Buhigwe anasubiri maharage yakauke. Na kubadilisha ndiko kulikokatazwa, hakuna aliyekataza kutumia. Basi Mama Tekla, mkeo, akauchukua. Mboga ya nyumba ile ilikuwa wewe. Asubuhi akawa anashuka mtoni na mwanzi ule ule, na pete zile zile za spoku ya baiskeli.

Unakumbuka ulivyozitengeneza? Ulikuwa umemwona yule Mkongo wa kambi ya Nyarugusu akirusha mshipi mbali kwa mwanzi wenye pete, ukaja dukani kwangu kuazima koleo. Ukazipinda, ukazifunga kwa uzi wa nailoni, ukanionyesha kama bwana harusi anayeonyesha suti. Nikakwambia spoku ni laini, mshipi utaichimba mfereji, na ukingo wa mfereji utaukata mshipi wenyewe. Ukanijibu, "Wewe nyoosha mashati." Halafu, zisishike kutu, ukaanza kuzipaka mawese. Baridi yetu ya asubuhi ikawa inayagandisha, mchanga wa mto unanata humo, na mshipi unapita kama kwenye msasa. Nilikwambia na hilo pia. Ukasema kambare wanapenda harufu. Bado naisikia sauti yako, umekazana kabisa, kama vile kambare mmoja alikueleza mwenyewe.

Mkeo naye akawa anazipaka mawese. Alikuona wewe.

Siku moja nilikutana naye njiani akitoka mtoni, kanga imelowa mpaka kifuani. Nikamwuliza, "Shemeji, umeanguka?" Akasema, "Hapana. Mshipi ulikatika, nikafuata boya." Alisema kama mtu aliyefuata chumvi dukani. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Akadhani ni magoti yangu, akaniambia nipunguze ugali.

Nikarudi dukani nikaanza kutafuta kitu cha kudumu. Waya wa shaba wa mota ni laini kuliko spoku. Pete zinazong'aa za dukani, nilizikwaruza kwa msumari, rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake kutu inangoja. Mwisho nikafungua pasi na majiko ya umeme yaliyoungua, nikatoa vile vishanga vya kauri, kama ile ya vikombe vya chai, vinavyovikwa kwenye nyaya za ndani. Nikafunga mshipi, nikaupaka mchanga mbichi, nikausugua ndani ya kishanga mpaka mkono ukafa ganzi. Kauri haikuonyesha hata alama. Ubaya wake ni kwamba ikidondoka kwenye jiwe inapata ufa, na ufa wa kauri ni wembe. Kwa hiyo kila kishanga nilikipitishia pamba. Kilichonasa hata unyuzi mmoja nilikitupa. Nilitupa vingi, vingine kwa makosa ya mikono hii.

Nilipofika nyumbani kwako na kisu, Zabroni alikuwa uani. Akaniambia, "Fundi, wewe ni wa pasi. Ya ukoo wetu yanakuhusu nini?" Unanijua, mbele ya kaka yako huwa nakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Aliyejibu ni Mama Tekla, anachambua dagaa, hata kichwa hakuinua. "Shemeji, mkingoja kuondoa msiba huu, mtakuja kuondoa miwili."

Zabroni akaingia ndani, akautoa mwanzi mwenyewe, akanishikia nilipokuwa nakata.

Mafundo yako yalinigomea. Ulifunga vizuri, sikuwahi kukwambia. Pete ya juu kabisa ilikuwa imechimbika nusu ya unene wake, na ukingo wake ulinikata kidole. Nikaiweka mkononi mwa Zabroni. Akapitisha gumba mle ndani, akapitisha tena, akageuka kuangalia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikaendelea kufunga kauri.

Jumamosi tulikwenda na mkeo mtoni, mimi nikiwa nyuma nimeshika majani kana kwamba ni mimi ningevutwa. Kambare alishika, mkubwa. Mwanzi ukapinda, mshipi ukalia kwenye kauri, ukakaza, haukukatika. Mama Tekla alirudi nyuma polepole juu ya ukingo mpaka akamtoa. Hakufurahi, wala sikumtazamia afurahi. Alitazama maji pale ulipoingilia, akatazama muda mrefu, kisha akainama akaangalia miguu yake. Ilikuwa mikavu.

Lala, ndugu yangu. Kila asubuhi kabla mkeo hajashuka mtoni nitazikagua zile pete, na yenye ufa nitaing'oa, ukoo uwe umekaa au haujakaa. Usiku kule nyumbani mwanao Tekla bado anaacha mlango bila komeo akisema unachelewa, na hilo sijui linatengenezwaje. Lakini mama yake hataingia kwenye yale maji kufuata boya. Hilo nakuahidi.

Wako,
Baba Foibe